Maswali na Majibu: Sungura wa Australia na ugonjwa walioletewa makusudi

Tangu tulipoandika kwamba Australia iliua mamilioni ya sungura kwa kuwaenezea maradhi, maswali hayajakatika. Tumejibu yale yaliyorudiwa zaidi.

Sungura ni kinyama kipole. Nchi nzima inamwogopea nini? (Msomaji, Iringa)

Wingi wake. Mwaka 1859 mlowezi Thomas Austin aliletewa sungura 24 hivi kutoka Uingereza, wakafunguliwa shambani kwake Barwon Park, jimbo la Victoria, ili apate wa kuwinda. Jike hubeba mimba siku 30 hivi, na akishazaa hupandwa tena mapema. Haikupita miaka 70 wakawa wameenea sehemu kubwa ya bara lile. Jimbo la Australia Magharibi lilijenga uzio wa kuwazuia kati ya 1901 na 1907, jumla yake zaidi ya kilomita 3,200, lakini sungura walivuka kabla haujakamilika.

Madhara yake si rahisi kuyaona ukipita kwa gari. Kuna mti uitwao mulga, wa jamaa moja na migunga yetu. Utaona mikubwa imesimama, useme pori liko salama. Sasa inama utafute mche unaofika hata magotini: hakuna. Sungura ameukata ungali na majani mawili. Hata sungura mmoja tu kwa hekta anatosha kuzuia miche isikue, kwa hiyo miti mikongwe ikifa hakuna ya kurithi nafasi. Juu ya hapo sungura ni kitoweo cha paka na mbweha, nao pia waliletwa na wageni. Wakishiba na kuzaana kwa nyama ya sungura, huwageukia wanyama wadogo wa asili, ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani.

Virusi walivitoa wapi, na je, havikuwadhuru watu? (Msomaji, Mombasa)

Vya kwanza, vya miksomatosisi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Sungura wa kule hutokwa na kivimbe tu. Sungura wa Ulaya huvimba macho na kichwa, hupofuka, na wengi hufa ndani ya wiki mbili. Ni kifo cha mateso, na anayetetea njia hii lazima akubali hivyo waziwazi. Mwaka 1950 viliachiwa katika bonde la mto Murray. Mwanzoni ilionekana kazi bure, mpaka mbu walipoongezeka na kuusambaza ugonjwa kandokando ya mito. Sungura waliokadiriwa milioni 600 walibaki kama milioni 100 katika miaka miwili.

Wakati huohuo, watu wa mji wa Mildura walipatwa na homa ya ubongo, na lawama zikaangukia virusi vya sungura. Wanasayansi watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, walijidunga virusi hivyo wao wenyewe. Hakuna aliyeugua. Homa ile ilitokana na virusi vingine kabisa, vinavyoenezwa na mbu.

Kama walikufa wengi hivyo, mbona bado wapo? (Msomaji, Dodoma)

Kirusi kinachoua haraka mno hukosa muda wa kubebwa na mbu kwenda kwa sungura mwingine. Vile vilivyoua polepole ndivyo vilivyotamalaki, na sungura walionusurika wakazaa watoto wenye ukinzani. Baada ya miaka michache makali yalikuwa yamepungua sana.

Mwaka 1995 virusi vya pili, vya ugonjwa wa kutokwa damu uliogunduliwa China mwaka 1984, vilitoroka kutoka kisiwa cha majaribio cha Wardang kabla utafiti haujakamilika. Nyanda kavu zilipata nafuu kubwa, na baadhi ya panya warukaji wa jangwani wakarudi walikokuwa wametoweka. Hapo ndipo penye fursa: ugonjwa ukishawapunguza, mashimo wanamoishi yapasuliwe kwa trekta mara moja. Waliotegemea virusi peke yake walishuhudia sungura wakirudi kwenye mashimo yaleyale.

Nafuga sungura Kiambu. Ugonjwa huo unaweza kunifikia? (Msomaji, Kenya)

Huo wa pili, wa kutokwa damu, unaweza. Nigeria iliupata mwaka 2020 na Afrika Kusini mwaka 2022. Husafiri na nzi, majani ya kulishia, viatu na vizimba vya kuazima. Ukikuta sungura wazima wanakufa ghafla, wengine wakitoka damu puani, usichinje wala kuuza waliobaki. Funga banda, mwite daktari wa mifugo. Tafadhali, sungura mgeni akae peke yake wiki kadhaa kabla hujamchanganya na wenzake.

Panya wanatumalizia mahindi. Kwa nini nasi tusitafute virusi vyao? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, nauelewa uchungu wa ghala tupu, lakini tazama Ufaransa. Mwaka 1952 daktari Armand-Delille aliwapa sungura wa shambani kwake miksomatosisi, kwa uamuzi wake peke yake. Ugonjwa ulienea Ulaya nzima, ukafika Hispania, ambako sungura ni mwenyeji na ndiye chakula kikuu cha paka-mwitu aitwaye linksi. Mnyama huyo alikaribia kutoweka. Kirusi kikishatoka, hakirudishwi.

Hapa kwetu udhibiti wa kibayolojia uliofanikiwa ni wa wadudu waliochunguzwa kwanza, kama mbawakavu walioachiwa kula magugumaji ya Ziwa Victoria, na nyigu mdogo aliyeokoa mihogo dhidi ya vidung'ata, wadudu wanaoinyonya. Kwa panya, kausha mahindi vizuri, inua ghala kama mita moja kutoka ardhini, uvishe miguu yake mabati, ufyeke nyasi zote za karibu. Mitego itegwe na kijiji kizima kwa wakati mmoja, kabla ya kupanda, kwa sababu ukitega peke yako panya wa jirani watahamia kwako.