Jagi la maji kwanza: kwa wauguzi wapya wa wodi ya fistula

Wadogo zangu mliopangiwa wodi hii, kazi yenu ya kwanza haitakuwa sindano. Itakuwa kumshawishi mtu mzima anywe maji.

Wengi wa wanawake wanaotufikia wana fistula, yaani tundu, mara nyingi kati ya kibofu na uke, linalovujisha mkojo, na wamejizoesha kukaa na kiu. Hesabu yao inaeleweka: nikinywa kidogo, nitavuja kidogo. Mwingine ametoka Kigoma mpaka Dar es Salaam kwa basi, kajifunga vipande vya kanga na mfuko wa nailoni, na njia nzima hakugusa maji ili jirani wa kiti asihamaki. Lakini mkojo haukomi kwa sababu ya kiu. Unakuwa mzito kama chai iliyokolea, unanuka zaidi, unachoma mapaja, na mawe nayo yanapata nafasi ya kujijenga kwenye kibofu. Ukimwambia anywe lita tatu au nne kwa siku ataona unamkejeli. Usimhutubie. Mimi huvuta kiti, namimina vikombe viwili, kimoja changu. Siku ya tatu hivi, harufu ikishapungua, anaomba jagi mwenyewe.

Ngozi nayo isingoje upasuaji. Osha kwa maji tu au sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka mafuta mazito ya mgando au krimu ya zinki ili mkojo usipate pa kushika. Vitambaa vya pamba vinafaa kuliko nailoni inayofungia unyevu, ila vibadilishwe mara kwa mara, vifuliwe na kuanikwa juani. Wengi huvianika uvunguni mwa kitanda kwa aibu, vikabaki na unyevu na uvundo. Watengeeni kamba ya nje ambayo haitazamani na njia ya wageni. Na kama huvai barakoa kwa wagonjwa wengine, usiivae ukifika kwake. Anaona.

Maswali yako yawe ya kawaida. Ukimuuliza “una fistula?” unaweza kujibiwa hapana na mtu aliyelowa mbele yako. Muulize kama kitanda kinalowa usiku akiwa amelala, kama mkojo unatoka muda wote au akikohoa tu, na kama bado anakwenda chooni akakojoa kawaida. Swali hilo la mwisho msiliruke. Mwanamke anayekojoa vizuri na huku anavuja mchana kutwa, hasa baada ya kujifungua kwa upasuaji au kutolewa kizazi, huenda tundu lake haliko kwenye kibofu bali kwenye mrija unaotoka kwenye figo. Daktari akijaza kibofu dawa ya bluu na kuweka pamba tatu ukeni, pamba ya juu iliyolowa bila kuwa na rangi inaelekeza huko huko. Mwangalie na anavyotembea pia: uchungu pingamizi, yaani mtoto akikwama njiani wakati wa kuzaliwa, unaweza kuumiza mishipa ya fahamu, mguu ukabaki unaburuta.

Mnaozunguka wodi ya wazazi, hili ni lenu. Kichwa cha mtoto kikikandamiza nyama kwenye mfupa wa nyonga kwa muda mrefu, damu haipiti na nyama inakufa. Haitoboki siku hiyo. Hubanduka baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya kumi, wakati mama ameshafika nyumbani. Akirudi analalamika kuvuja, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Aonwe na daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu tundu dogo na jipya linaweza kujifunga lenyewe kibofu kikipumzishwa kwa mpira wa mkojo wiki nne hadi sita.

Baada ya upasuaji, kila unapopita kitandani kwake angalia mambo matatu: anakunywa? mpira unatiririsha? shuka ni kavu? Mkojo uwe mweupe kama maji. Mfuko wa mkojo ukiwa mtupu ni dharura, maana kibofu kikijaa mshono unaweza kuachia.

Nililijua hilo darasani, na bado nilikosea. Zamu ya usiku, saa nane, niliona mfuko hauna kitu nikadhani mwenzangu ameumwaga. Mama alikuwa ameulalia mpira. Tumbo la chini lilimuuma, akanyamaza, maana aliamini maumivu ni sehemu ya kupona. Nilipokuja kushika tumbo kibofu kilikuwa kimejaa pomoni. Siku ya sita shuka likalowa. Alingoja miezi mitatu ndipo akarudishwa thieta. Tangu hapo siulizi nani kamwaga mfuko. Nafuata mpira kwa vidole kutoka mapajani hadi kwenye mfuko, nione kama umekunjwa, umelaliwa au umezibwa na bonge la damu.

Kuhusu siku za kukaa na mpira mtasikia mabishano. Wakongwe tulizoea wiki mbili au zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza siku 7 hadi 10 kwa fistula isiyo ngumu. Fuateni agizo lililoandikwa kwenye faili la mgonjwa.

Kuna jambo ambalo mgonjwa anapaswa kulisikia kabla ya kuingia thieta: tundu linaweza kufunga na bado akavuja akisimama au akicheka, kwa sababu misuli na mlango wa kibofu viliumia. Asipoambiwa mapema ataamini upasuaji umeshindikana na hatarudi. Mpira ukishatolewa, daktari akiridhia, mfundishe kukaza misuli kama anayezuia hewa, ahesabu hadi tano, aachie, mara kumi, asubuhi, mchana na usiku. Wapo watakaohitaji matibabu zaidi.

Siku ya kuruhusiwa huwa na haraka ya basi, kwa hiyo anzeni mazungumzo siku mbili kabla. Asikutane kimwili na mumewe kwa miezi mitatu, na mimba ijayo azalie hospitali kwa upasuaji. Muulizeni yeye kwanza kama mume au mama mkwe aitwe kusikiliza. Wengine hawataki, na ni haki yao. Andikeni namba ya simu, na pembeni yake mwandike simu ni ya nani. Niliwahi kupiga kumkumbusha mama tarehe ya kliniki, ikapokelewa na mwenye duka ambaye hakujua kabisa kwamba jirani yake alikuwa hospitali.