Kona ya Skramu: barua zenu kuhusu Jason Leonard

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, tena kwa kupitia: kwamba nikiambiwa nichague propu mmoja wa Kiingereza, yaani mchezaji wa raga wa mstari wa mbele kwenye skramu, wa kusimama naye bega kwa bega, namchukua Jason Leonard. Barua zimemiminika. Nilidhani wasomaji wa raga nchini hutaka habari za mechi za wachezaji saba tu, kumbe wapo wanaopenda kazi ya punda kama mimi. Nimechagua hizi.

*Mwalimu, salaam. Mwanangu yuko kidato cha pili. Juzi amekuja nyumbani na furaha eti kocha amemfanya propu kwa sababu ana mwili. Jirani ananiambia hao ndio huvunjika shingo. Na hata asipovunjika, kuna nini huko mbele? Sijawahi kusikia propu akisifiwa. — Mama wa Nakuru*

Mama, nianze na shingo, maana hiyo ndiyo inayokunyima usingizi, na sitakudanganya. Huyo Leonard ninayemsifu aliumia shingo mwaka 1992, Uingereza ikicheza na Wales pale Twickenham, uwanja wake wa nyumbani. Diski kati ya pingili mbili ilipasuka na mkono wake ukaanza kupoteza nguvu. Madaktari walimfungua kwa mbele, hapa kooni, wakachukua kipande cha mfupa wa nyonga yake na kukipachika mahali pa ile diski. Alikuwa na miaka 23. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi kwenye skramu, na akacheza hadi 2004.

Sikuelezi haya ili utulie. Hofu yako ina msingi. Mimi nilicheza propu miaka kumi na moja, na leo nikitaka kutazama gari linalokuja kwa nyuma lazima nigeuke mzima mzima kama kabati. Lakini elewa shingo huumia vipi. Wachezaji wanane wa kila upande hushikana, wakasukumana. Mbele wako watatu: propu, huka (yule wa katikati anayeuvuta mpira kwa mguu), propu. Uzito wote wa walio nyuma unapitia mabegani mwa hao watatu. Skramu ikisimama imara, mgongo ukiwa bapa na kichwa juu ya usawa wa nyonga, uzito unapita. Skramu ikianguka, au kijana akiingia ameinamisha kichwa, uzito unatafuta pa kwenda, na shingo ndiyo inaupokea.

Zamani zetu tulikuwa tunarukiana kwa mbali kama mbuzi dume. Tangu 2013 sheria inawataka mapropu washikane kwanza ndipo timu ziingie, kwa hiyo kile kishindo kimepungua. Na kwa vijana walio chini ya miaka 19, skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita moja na nusu. Nenda shuleni Mama, umsalimie kocha, halafu muulize: je, mwanangu amefundishwa skramu kwa wiki ngapi kabla ya kutiwa kwenye mechi? Anafanya mazoezi ya shingo? Na atapambana na watoto wa rika lake au na mijitu ya kidato cha nne yenye ndevu? Akijibu kwa kucheka, mtoe mtoto. Kuwa na mwili pekee si sababu ya kumweka mtu mbele. Mimi niliwekwa kwa sababu hiyo hiyo, na mechi yangu ya kwanza niliimaliza nikiwa nimelala kwenye majani nikihesabu vidole.

Ama la huko mbele. Leonard alizaliwa Barking, mashariki ya London, mwaka 1968, mwaka mmoja na mimi. Hakupitia zile shule za kifahari zinazozaa wachezaji wengi wa raga kule. Alikuwa seremala, mtu wa mjengo, akiamka na msumeno asubuhi na kufanya mazoezi jioni. Alianza katika klabu ya kwao, akaenda Saracens, kisha mwaka 1990 akahamia Harlequins na kubaki huko mpaka alipostaafu. Mwezi Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 21, aliitwa kuchezea Uingereza dhidi ya Argentina, ugenini Buenos Aires. Vita vya visiwa vya Falkland vilikuwa na miaka minane tu tangu viishe. Pata picha ya kijana wa useremala anaingia uwanja ule, mbele yake mapropu wa Argentina, watu ambao skramu kwao ni kama dini.

Hakulipwa kitu kwa mechi ile. Raga ya wachezaji kumi na watano ilikuwa ya ridhaa hadi Agosti 1995, ndipo wakuu wake wakaruhusu wachezaji walipwe. Kwa hiyo tayari alikuwa amecheza fainali ya Kombe la Dunia, na ameshinda mechi zote za Mataifa Matano (mashindano ya Uingereza, Scotland, Wales, Ireland na Ufaransa) kwa misimu mitatu, 1991, 1992 na 1995, kabla hajaruhusiwa kuwa na mshahara wa raga. Baada ya kustaafu akawa rais wa chama cha raga cha Uingereza, 2015 hadi 2016. Huko mbele kupo, Mama. Ni kwa wachache, lakini kupo.

*Mwalimu, tumebishana hapa Kisumu hadi soda zimepata moto. Mmoja anasema Leonard alicheza mechi 114 za kimataifa, mwingine 119. Nani alipe? — Wanachama wa Meza ya Pembeni*

Lipeni wote, maana wote mna haki. Uingereza alichezea mechi 114. Ongeza mechi tano za Lions, ile timu ya pamoja ya Uingereza, Scotland, Wales na Ireland inayosafiri kila baada ya miaka minne. Alikwenda nao New Zealand 1993, Afrika Kusini 1997 na Australia 2001. Jumla 119. (Hao Lions, kwa wasiojua, waliwahi kupita Nairobi mwaka 1955 na tena 1962, wakacheza na timu ya Afrika Mashariki. Tulifungwa zote, tuyaache.)

Rekodi ya dunia aliyoivunja ilikuwa ya Mfaransa Philippe Sella, mechi 111. Aliivunja katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003, na aliyekuwa upande wa pili ni Ufaransa yenyewe. Siku hizi hata kwa Uingereza si wa kwanza tena. Ben Youngs amempita, na Dan Cole pia. Cole naye ni propu, basi mali imebaki nyumbani.

Nawaongezea kitu cha kubishania wiki ijayo. Katika mechi hizo 114, Leonard alifunga trai ngapi, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani kwa pointi tano? Moja. Desemba 1996 pale Twickenham, dhidi ya Argentina tena. Nahodha alikuwa majeruhi, Leonard akapewa unahodha kwa siku hiyo, na siku hiyo hiyo akafunga. Uingereza ilishinda 20 kwa 18. Toeni tofauti wenyewe muone ilikuwa trai ya maana au ya mapambo.

*Ustadh, fainali ya 2003 kila mtu humkumbuka Jonny Wilkinson na ule mkwaju wa mguu wa kulia. Leonard alikuwa benchi. Alifanya nini hasa? — Kijana wa Likoni*

Hakufanya kitu. Swali lako ndilo lililonifanya nichukue kalamu, kwa hiyo vuta kiti.

Sydney, tarehe 22 Novemba. Uingereza ilikwenda mapumziko ikiongoza Australia 14 kwa 5, na mbele walikuwa na nguvu kuwazidi. Kipindi cha pili refa, Andre Watson wa Afrika Kusini, akaanza kuwapulizia Uingereza kwenye skramu. Penalti. Tena penalti. Yule Elton Flatley wa Australia hakosi. Dakika ya mwisho kabisa ya muda wa kawaida, skramu nyingine, filimbi nyingine, Flatley akapiga: 14 kwa 14. Nilikuwa nimekaa katika baa moja ya Ngong Road, mchana, chai mkononi, nikapiga meza mpaka chai ikamwagikia mtu nisiyemjua.

Refa anapoona skramu inaanguka, mara nyingi hawezi kujua kwa hakika nani ameiangusha. Anakisia. Akishaamua moyoni kwamba ni fulani, kila inapoanguka fulani huyo atapigiwa filimbi, hata kama ni mpinzani aliyemvuta chini kwa kola. Phil Vickery, propu wa kulia wa Uingereza siku ile, hakuwa dhaifu, naomba ieleweke. Ila refa alikuwa ameshamsoma vibaya, na kitabu kikishasomwa vibaya hakisomwi upya katika dakika ishirini.

Basi muda wa nyongeza Vickery anatoka, anaingia mzee wa miaka 35. Leonard amesimulia mara nyingi alivyomwendea Watson na kumwambia, kwa ufupi, wewe unanijua: nitakwenda mbele au nitarudi nyuma, lakini sitapanda juu wala sitaanguka chini. Kisha akafanya hivyo hivyo. Akaingia upande wa kulia, nafasi ya namba tatu, ambako propu hubanwa na watu wawili, huka na propu wa upande ule, na akasimama. Alikuwa mmoja wa wachache waliozimudu pande zote mbili, kushoto na kulia. Asiyecheza hawezi kujua ugumu wake; ni kama kumwambia mtu anayeandika kwa mkono wa kulia aandike barua nzima kwa wa kushoto, na barua isomeke.

Wilkinson akafunga penalti, Flatley akasawazisha 17 kwa 17, lakini hiyo haikutoka kwenye skramu. Filimbi za skramu dhidi ya Uingereza zilikuwa zimekauka. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde thelathini, Wilkinson akadondosha mpira, akaupiga kwa mguu wa kulia ambao si wake, 20 kwa 17. Tazama marudio ya ule mchezo uone kama utamwona Leonard. Mimi nimetafuta.

Na kuna hili. Fainali ya 1991 Uingereza ilifungwa na Australia hao hao, 12 kwa 6, nyumbani Twickenham. Trai pekee ya siku ile ilifungwa na propu wa Australia, Tony Daly. Leonard alikuwa uwanjani. Katika kikosi cha 2003 ni yeye peke yake aliyebaki kutoka mchezo ule.

*Kwa nini masikio ya mapropu hukunjamana kama maandazi yaliyokosa hamira? — Mwanafunzi, Thika*

Sikio likisuguliwa sana damu hujikusanya kati ya ngozi na gegedu. Isipotolewa mapema hukauka humo na kuwa ngumu. Funga kitambaa kichwani, na likivimba nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usimpe mchezaji mwenzako mwenye sindano ya kushonea. Najua ninachosema.

*Mzee, wewe binafsi ulifunga trai ngapi? — Mchokozi wa Eldoret*

Mbili. Ya kwanza refa aliikataa. Ya pili nilisukumwa na watu saba na mimi nilikuwa nimefumba macho, nikafumbuliwa na kelele. Imeandikwa kwa jina la huka wetu.