Kamba Ikikatika Katikati ya Programu: Usimame au Uendelee?

Watelezaji wachanga wanaoanza kushindana huniuliza sana swali hili: kiatu kikiharibika nikiwa tayari barafuni katikati ya programu (onyesho langu la miruko na mizunguko), muziki unapiga na majaji wananitazama, nifanye nini? Jibu langu huwaudhi wengine. Uamuzi huo haufanywi barafuni. Ukishafika mruko wa tatu, pumzi ziko juu juu na kichwa hakina nafasi ya kupima faida na hasara. Inabidi uwe umeamua siku nyingi kabla, ukiwa umekaa, kiatu kikiwa mapajani.

Mimi nimejiwekea mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kikiharibika chochote kuanzia kifundoni kwenda chini (kamba, kulabu zinazoishika, soli, skrubu, au bapa lenyewe, yaani chuma cha kutelezea) ninasimama. Kikiharibika kilicho juu ya hapo, vazi au nywele au pambo, ninaendelea mpaka muziki uishe. Si kanuni ya shirikisho, ni yangu, na wapo makocha wanaoipinga kwa hoja nzuri. Lakini ni rahisi kuikumbuka ukiwa umechanganyikiwa, na hilo kwangu lina uzito kuliko usahihi wa kila hali.

Sababu yake inaonekana wakati wa kutua. Unatua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, juu ya ukingo mwembamba wa chuma, na mguu huo unabeba mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Kinachozuia kifundo kisipinde ni kiatu kilichofungwa barabara. Kamba ikilegea, kiatu kinabaki kuwa pambo tu. Bapa likilegea, hujui tena makali yako wapi. Kuruka katika hali hiyo ni kubahatisha na mfupa wako.

Mashabiki wengi wanamkumbuka Nobunari Oda wa Japani katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Baada ya programu fupi, ya kwanza kati ya mbili, alikuwa wa 4. Katika programu ndefu kamba ya kiatu ilikatika, akasimama, akaenda kwa refa, akapewa muda wa kuirekebisha, akarudi kumalizia. Aliishia nafasi ya 7. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba kusimama ndiko kulikomponza. Mimi nakiona vingine. Kamba ile ilikuwa imeshakatika kabla, naye akaiunga kwa fundo badala ya kuweka nyingine, kwa kuwa hakutaka kuharibu namna kiatu kilivyomkaa mguuni. Namwelewa kabisa. Kila mtelezaji anajua uzuri wa kiatu kilichokubali mguu, na anajua kamba mpya inavyobadilisha kila kitu. Ila fundo lile lilikuwa na siku yake.

Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia mjini Moscow, Mjapani mwenzake Daisuke Takahashi, aliyekuwa akitetea ubingwa wake wa 2010, alipatwa na tatizo la skrubu ya bapa kwenye mruko wa kwanza kabisa wa programu ndefu. Naye alisimama, kiatu kikarekebishwa, akaendelea. Alimaliza wa 5. Nafasi ya 5 duniani, baada ya bapa kukugomea mwanzoni! Sidhani kama angeifikia kwa kujikaza na kuendelea nalo likiwa hivyo.

Sasa refa. Wengi wanamwogopa kana kwamba ni askari, kumbe katika saa hiyo ndiye mtu pekee mwenye mamlaka ya kukusaidia. Chini ya kanuni za ISU, shirikisho la kimataifa la kuteleza barafuni, ukisimama saa inaanza kuhesabu. Una sekunde 40 za kuendelea au kumfikia refa na kumweleza. Ukimfikia ndani ya muda huo, anaweza kukupa hadi dakika 3 za kurekebisha, kisha unaendelea kutoka pale ulipoishia. Zikipita 40 hujamfikia wala hujaendelea, umejitoa. Kwa hiyo usipoteze sekunde hata moja ukiinama katikati ya uwanja kukitazama kiatu. Teleza moja kwa moja hadi kwa refa, ukitazame huko huko. Na maneno yawe machache: “Bapa la kulia limelegea, naomba muda.” Usianze kueleza lilivyoanza.

Pointi zitakatwa, hilo lipo. Kukatiza kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 20 hukatwa pointi 1, hadi 30 pointi 2, hadi 40 pointi 3, na ukichukua zile dakika 3 makato ni makubwa zaidi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, na mashindano ya watoto au ya watu wazima yana utaratibu wake, basi soma kanuni za msimu wako kabla hujasafiri. Lakini kumbuka kwamba kuanguka nako kunakatwa, na mruko ulioharibika unapoteza thamani yake juu ya hapo. Mianguko miwili kwa sababu ya kamba iliyolegea inaweza kukugharimu sawa na kusimama, tena bila kukupa kiatu kizima.

Mimi nilisimama katika programu ndefu moja. Nilipotua nilisikia mlio mkavu chini ya kisigino cha kulia, halafu bapa likawa linachelewa kuufuata mguu. Siwezi kuieleza vizuri zaidi ya hapo, ukiipata utaijua. Nilikwenda kwa refa, nikasema sentensi yangu, nikaketi kwenye ukingo wa mlango. Skrubu mbili za kisigino zilikuwa zinazunguka bila kushika. Kocha alivunja njiti ya kiberiti, akaitupa kichwa chake, akaisukuma mbao tupu ndani ya tundu, akarudisha skrubu juu yake. Ikashika. Ni dawa ya dharura tu: jioni ile kiatu kilikwenda kwa fundi. Lakini ilinimalizishia programu, na iliwezekana kwa sababu moja ya kijinga tu: kisanduku cha vifaa kilikuwa pale mlangoni, miguuni pa kocha. Kingekuwa chumba cha kubadilishia nguo, dakika 3 zingeishia kwenye korido.

Kwa hiyo kisanduku kikae mlangoni. Bisibisi inayolingana na skrubu zako, skrubu za akiba zikiwemo nene kidogo, njiti, utepe imara wa kunata (kulabu iking'oka wakati wa kupasha misuli, utepe unaizungushia kamba na kukuvusha), taulo, kinoo kidogo cha mkononi. Na kamba. Hapa nina ushauri ambao haukosi kuwashangaza watu: kamba ya akiba isiwe mpya. Itumie mazoezini kwa siku kadhaa mpaka iache kunyumbuka, kisha ivue, ikunje, iweke. Utakapoihitaji itakuwa inaujua mguu wako, na utakuwa na hakika kwamba urefu wake unafika kulabu ya juu. Hilo ndilo lingemwokoa Oda. Zile za kiatuni badilisha wiki mbili tatu kabla ya mashindano, usingoje zichanike nyuzi.

Viatu vyenyewe hutoa dalili mapema kwa anayesikiliza. Soli ya ngozi hunywa maji kidogo kidogo mpaka skrubu zinakosa cha kushika. Futa bapa baada ya kila zoezi, na ufute pia pale linapokutana na soli, ambapo wengi hawafiki. Vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea. Ukiviacha usiku kucha vinafungia unyevu na chuma kinashika kutu. Tumia vya kitambaa kuhifadhia. Kaza skrubu kabla ya kila mashindano, bila kukamia, maana anayekaza kwa hasira ndiye anayeua tundu.

Kunoa usifanye mkesha wa mashindano. Makali mapya yanahitaji siku chache za mazoezi, na ukigundua fundi amekosea uwe na muda wa kurudi. Kipimo rahisi: geuza kiatu, laza sarafu juu ya makali mawili. Ikiinama upande mmoja, makali hayalingani, na mruko wako utakuwa unakuangusha bila wewe kujua kwa nini. Kuhusu kiatu kipya sina mengi: kuvaa kiatu kisichokubali mguu bado ni kama kuruka na ndoo miguuni, kwa hiyo usikivalie mashindano.

Ukisafiri kwa ndege, uliza shirika kama viatu vinaruhusiwa ndani, na vikiruhusiwa usiviachie mzigo mkubwa. Vazi unaweza kuazima. Kiatu kilichojiumba kwa mguu wako hakiazimwi.

Upande wa juu ya kifundo mfano mzuri ni Gabriella Papadakis wa Ufaransa. Mwaka 2018, katika Olimpiki ya Pyeongchang, kifungo cha vazi lake shingoni kilifunguka mwanzoni mwa dansi fupi, sehemu ya kwanza ya mashindano ya dansi ya barafu. Yeye na mwenzake Guillaume Cizeron waliendelea hadi mwisho na kupata 81.93, pointi 1.74 nyuma ya Tessa Virtue na Scott Moir wa Kanada. Mwishoni walipata medali ya fedha, wakiachwa kwa pointi 0.79. Wapo wanaosema wangesimama. Lakini katika tofauti ya 0.79 hata makato ya pointi 1 ni mlima, na dansi ya barafu ikikatizwa inapoteza ule mshikamano wa wawili unaotolewa alama. Katika michezo hiyo hiyo Yura Min wa Korea Kusini naye alifunguka vazi, naye akamaliza. Wote wawili wangeepushwa na sindano na uzi: kulabu za vazi zishonewe ukishalivaa, zisiachwe kujishikilia zenyewe. Jaribu vazi zima mazoezini, na mizunguko yote, siyo mbele ya kioo.

Kuna hali moja inayovunja mpaka wangu. Kitambaa kikining'inia hadi kwenye bapa, au ushanga ukidondoka kwenye njia yako, tatizo limeshashuka chini ya kifundo. Ushanga mmoja chini ya bapa unatosha kulikwamisha ghafla. Simama.

Halafu kuna kurudi, ambako watu hawakufanyii mazoezi kabisa. Kiatu kimefungwa, refa anakuita, muziki unaanza katikati ya sentensi, na mwili haujui uko wapi. Mwaka 1994, katika Olimpiki ya Lillehammer, Mmarekani Tonya Harding aliruhusiwa kurudia baadaye kwa sababu ya kamba, na Mkanada Josée Chouinard aliyekuwa anafuata akaitwa barafuni mapema kuliko alivyotarajia. Kwa hiyo hata tatizo la mwenzako linaweza kukufikia wewe. Mara moja kwa wiki mwambie kocha azime muziki popote anapotaka, bila kukuonya. Teleza hadi mlangoni, vua kiatu, kifunge upya, kunywa maji, kisha auwashe pale pale ulipoishia. Mara za kwanza utapotea. Chagua sehemu nne au tano za programu ambazo unaweza kuingilia, ujue mguu upi unatangulia na unatazama upande gani, na umwambie kocha azime karibu na ile unayoichukia zaidi.