Mangi hakuzaliwa na duka

*Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa historia.*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, kwetu Newala, nauza makava ya simu Kariakoo. Bosi wangu ni Mchagga wa Rombo. Wiki iliyopita tulifunga hesabu ikapungua shilingi 40,000, akasema mbele ya wateja: "Ninyi watu wa Kusini hamna akili ya pesa, mmezaliwa hivyo." Nilinyamaza kwa kuwa ni bosi. Ila usiku sikulala, maana nikiutazama mtaa wetu, wenye maduka ni Wachagga, Wapemba na Wakinga, sisi tunabeba mizigo. Kweli kuna kabila linalozaliwa na akili ya pesa?
*Muuza makava, Kariakoo*

Marahaba mwanangu. Hizo 40,000 zitafute kwanza, kwenye hesabu pungufu sina utetezi wa kukupa. Hilo la kuzaliwa ndilo linalonihusu.

Mimi ni Mmwera wa Nachingwea. Mwaka 1979 nilipangiwa kufundisha Kilimanjaro, nikapanda basi na sanduku la bati na blanketi moja, na huko huko nikaoa, Marangu. Nimekula ming'oko, mizizi ya porini ya kwetu, kwa bibi, na mtori kwa mama mkwe. Hakuna upande ninaouonea haya.

Siku ya kwanza kupelekwa ukweni nilidhani tunakatiza msitu. Nikauliza shamba liko wapi, watu wakacheka. Tulikuwa katikati yake. Juu migomba, chini yake mikahawa, chini ya mikahawa magimbi na maharage. Ng'ombe wawili wako bandani, hawatoki mwaka mzima. Wanaletewa majani na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, na samadi yao inarudi kwenye migomba ile ile. Hicho ndicho kihamba, na hakikufika hata eka mbili. Kati ya baba mkwe na jirani yake hapakuwa na ukuta wala seng'enge, ni mstari wa masale tu, mimea ya mpaka, na ole wako uuguse. Pembeni panapita mfongo, mfereji waliouchimba mababu kuteremsha maji ya mlimani, na maji hayo ni ya zamu. Niliamshwa saa tisa usiku nikashike taa kwa sababu zamu yetu inaanza. Nilijua wananitania mkwe mgeni. Hawakuwa wakitania: jirani alikuwa tayari ameshika jembe, anasubiri dakika zetu ziishe.

Mtoto aliyekulia hapo anajua kuhesabu kabla hajaingia darasa la kwanza. Anajua mti aliopanda babu yake ni wa kwao na utabaki wa kwao. Na kama ni wa kiume anajua jambo jingine gumu zaidi: kwa desturi ya zamani kihamba kinaelekea kwa mtoto wa kwanza na wa mwisho. Wa kati atajijua. Shemeji yangu wa kati aliondoka Marangu na nauli na godoro, leo ana duka Temeke. Ukimsikia anavyolisimulia utadhani alifukuzwa na mbwa.

Juu ya hayo ikaja kahawa. Mapadre wa Kilema waliipanda miaka ya 1890, na reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika analima kahawa hiyo ya arabika jirani na mashamba yao, wakataka azuiwe. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, walifanikiwa: Mwafrika alizuiwa kulima arabika mpaka miaka ya 1930, na wengi zaidi mpaka miaka ya 1950. Moshi walishindwa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliouza kahawa yao wenyewe. Pesa ile ililipa kodi, ikaezeka mabati, ikalipa ada.

Hapo bosi wako atadakia: "Na shule za wamisionari je?" Mjibu kwamba misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, miaka 14 kabla ya Kilema. Ndanda ilianza mwaka 1906. Rais Mkapa alizaliwa Lupaso, akasoma Ndanda. Ubao na chaki tulikuwa navyo. Tatizo ni kwamba mtoto wetu akitoka darasani anarudi nyumbani kusiko na zao lenye soko wala njia ya kulifikisha sokoni.

Sababu ninazo, za kushika mkononi. Vita ya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wachagga nao walionja kitanzi cha Mjerumani, Mangi Meli, mtawala wao, alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Lakini migomba ilibaki imesimama. Kwetu Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize walichobakisha risasi. Wao wenyewe walihesabu vifo 75,000, na wanahistoria wengine wanafika 250,000 na zaidi. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake kwamba watu walichimba ming'oko porini hadi mingine ikawa haipatikani, na kwamba kuna vijiji ambavyo mtu alikuwa akitaja jina tu, wenyewe hawapo. Sasa hebu mwambie mtu wa namna hiyo aweke akiba.

Kisha kodi. Mchagga aliilipa kwa kahawa. Babu yangu hakuwa na kahawa, akaenda Tanga kukata mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba. Serikali ya Mwingereza ilizihesabu wilaya kama zetu kuwa kisima cha vibarua, na kisimani watu huchota, hawajengi. Kipande chake tulikikuta kwenye kibati cha tumbaku alipofariki: kadi yenye vyumba vya siku 30, kila siku aliyofanya kazi imetiwa alama. Mwezi wake mmoja haukuisha ndani ya mwezi mmoja, maana siku ya homa haikutiwa alama. Kwa miaka hiyo shambani kwake alikuwa nani? Bibi, na watoto.

Mpango wa Mwingereza wa karanga, Nachingwea ikiwemo, naugusa tu: 1947 hadi 1951, matrekta, reli mpya kutoka Mtwara, na kwa mpango mzima hasara ya paundi milioni 36. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Nimecheza mpira kwenye tuta lake.

Ila linaloniuma mimi mwenyewe ni Operesheni Vijiji, amri ya serikali ya miaka ya 1970 ya kuwakusanya watu katika vijiji, kwa sababu ile niliiona kwa macho. Baba alikuwa na mikorosho inayokaribia 200. Kwetu watu walikaa mbalimbali: shamba la mwaka huu hapa, la miaka mitatu ijayo kule, mwanamume anahamia kwa mkewe, na neno la ardhi liko kwa mjomba. Ni utaratibu mzuri pale ardhi inapokuwa nyingi na rutuba haba. Likaja lori, tukashushwa barabarani kwenye kijiji kipya. Kutoka pale hadi kwenye mikorosho ni mwendo wa saa mbili. Baba alikwenda mwaka wa kwanza, akaenda wa pili. Mwaka wa tatu nyasi zilikuwa zimemshinda, moto wa porini ukapita, na mikorosho iliyobaki ikaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Mwaka 1986/87 hazikufika 20,000.

Amri hiyo hiyo ilifika Marangu, serikali ile ile. Mama mkwe anakumbuka alikuja mtu na daftari, akaandika majina, akasema: sasa ninyi ni kijiji. Wangehamishwa wapelekwe wapi? Walikuwa tayari wamebanana kihamba kwa kihamba. Hakuna mkahawa hata mmoja uliopoteza mwenyewe.

Nilipolitambua hilo, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama mkwe nikimenya ndizi, nilijikuta nimeacha kumenya. Miaka yote nilikuwa nikijiuliza baba alikosea wapi.

Kwa hiyo mila zina nguvu, sikukatalii. Zamu za mfongo zinafundisha kitu, na kuhamahama na jembe kunafundisha kitu kingine. Lakini mila ile ile iliyomfaa baba kwenye ardhi ya Nachingwea ndiyo iliyomwacha mikono mitupu lori lilipokuja. Na watu wako wa Newala wanajua hesabu yao pia: uwanda wa juu wa Makonde hauna maji, bibi zako walishuka bondeni na ndoo na kupanda nayo kichwani. Anayedhani mtu wa namna hiyo ni mvivu apande naye mara moja.

Usiniambie pia kwamba hali imeganda. Daraja la Mkapa, la kuvuka mto Rufiji kuja Kusini, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo nimelala Ndundu siku nne nikingoja kivuko, Rufiji imejaa, mabasi yamepanga foleni, kilo ya mchele ina bei ya harusi. Msimu wa 2017/18 korosho zilivuka tani 300,000. Mzee wako kama ana mikorosho, mpigie leo umwambie asiuze kwa kangomba. Akopeshwe na wewe kuliko na wale jamaa wanaoinunua korosho ingali ua.

Na bosi wako muulize kwa adabu, wakati wa chai, yeye kwao ni mtoto wa ngapi. Kama si wa kati nirudie uniambie.

Mwalimu, mimi ni wa Machame. Wazee wetu hujisifu kwamba kahawa ndiyo iliyotujenga. Mbona kijijini kwetu watu wanaing'oa? Na kama ndiyo siri yetu, sisi wajukuu tutajengwa na nini?
*Binti wa Machame, Arusha*

Binti, wazee wako hawadanganyi, wanasimulia nusu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, KNCU ikiwemo, na ilipovirudisha miaka ya 1980 kitu hakikuwa kile. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yakavunjika, bei ikaporomoka. Kihamba nacho kimegawanywa babu, baba, mwana, hadi mwingine amebaki na mistari mitatu ya migomba na kaburi. Mkahawa umezeeka, dawa ni ghali, lita ya maziwa inalipwa kwa wiki na nyanya kwa miezi mitatu. Ningekuwa mimi ningeng'oa pia, ila ningeacha miche michache karibu na dirisha kwa ajili ya harufu ya maua yake.

Kilichobaki kwenu ni kile kahawa ilichonunua. Serikali ilipoanza kugawa nafasi za sekondari kwa mikoa, ili watoto wa mikoa iliyoachwa nyuma nao wapate, watoto wengi wa Kilimanjaro waliofaulu walikosa pa kwenda. Nilikuwa mwalimu wakati huo, na nikiri kwamba kama mtu wa Kusini niliona ni haki, na kama baba wa watoto wawili wa mama Mchagga nilinuna. Wazazi hawakukaa kulia. Makanisa na vijiji vilichanga, kila kaya kiasi chake, mawe yakabebwa na akina mama, na miaka ya 1980 shule za sekondari za binafsi zikaota mlimani kama uyoga. Michango ile ilikusanywa na watu waliozoea mambo hayo: mfongo ukibomoka, kila kaya inatoa mtu, asiyetoa anatozwa. Daftari la mfongo na daftari la shule nililoliona mimi liliandikwa na mzee mmoja, mwandiko ule ule, na wadaiwa karibu wale wale.

Kuhusu nini kitawajenga wajukuu, uliza huko huko Arusha uliko. Mimi ni mwalimu wa historia.

Kwa nini kila muuza duka Dar anaitwa Mangi?
*Mkazi wa Tabata*

Mangi alikuwa mtawala. Kila eneo mlimani, Machame, Kibosho, Marangu na kwingineko, lilikuwa na wake. Serikali ya Uhuru ilifuta uchifu kwa sheria mwaka 1963, cheo kikabaki hakina ofisi. Kikateremka mlimani pamoja na watoto wa kati, kikasimama nyuma ya kaunta, kati ya sabuni ya kipande na mafuta ya kupima.

Duka la mtaani kwangu ni la Mkinga. Kwao ni Makete, milimani kwenye baridi kali, wala hakuwahi kuona Kilimanjaro ila kwenye noti. Watu wa kwao hawakuwa na KNCU, na kizazi hiki wamejaa Kariakoo. Alianza na meza ya vitunguu, akaleta mdogo wake, mdogo akaleta binamu, wanalala watatu stoo. Asubuhi watoto wanamgongea dirisha: "Mangi, unga nusu!" Anaitika.