Gari la misuli kila siku? Ndiyo, ila lijue joto lake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama gari la misuli la Kimarekani, lile la injini kubwa yenye nguvu nyingi, lenye supachaja (pampu inayoshindilia hewa kwenye injini) linaweza kuwa gari la kila siku, la kwenda kazini na kurudi, au ni la kutolewa wikendi tu. Jibu langu ni ndiyo, na nalijibu kama mtu anayeliendesha. Langu ni Dodge Challenger SRT Hellcat, toleo la 2016, injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 6.2 yenye nguvu farasi 707. Natoka nalo jua liwake, mvua inyeshe.

Wanaopinga hudhani nguvu hizo zote zinakusukuma muda wote. Supachaja ya kiwandani haifanyi hivyo. Ni kweli inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krankishafti, mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo injini ikiwaka tu nayo inazunguka. Lakini ina vali ya kupitisha hewa pembeni. Ukikanyaga mafuta kidogo, vali inabaki wazi, hewa inazunguka bila kushindiliwa, na injini inapumua kama V8 nyingine yoyote. Ukizidisha mguu, vali inajifunga, ule mlio mwembamba unapanda, na nguvu inafika papo hapo. Hakuna kungoja moshi wa eksozi uzungushe pampu ya hewa kwanza, kama kwenye tabo. Kwa matumizi ya kila siku hiyo ni sifa kubwa sana, kwa sababu gari linafuata mguu wako na wala halikurukii ghafla. Nimewahi kuendesha V8 isiyo na supachaja ambayo kemushafti yake (mhimili unaofungua vali za injini) ilibadilishwa kwa ajili ya mashindano. Kwenye foleni ilikuwa ikitetemeka, ikitaka kuzima na kunuka petroli. Hellcat kwenye foleni kama hiyo imetulia, na kiyoyozi kinapuliza vizuri.

Kinacholitesa ni joto. Hewa ikishindiliwa hupata moto, ndiyo maana ndani ya supachaja mna vipozeo vya maji, vyenye mzunguko wao peke yao, pampu yao ya umeme na rejeta yao mbele ya gari. Sasa, supachaja yenyewe imekaa juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda, na ukiwa umesimama hakuna upepo unaopita mbele. Ukitoka kwenye foleni ndefu, au ukiwasha gari ulilolizima dakika chache tu zilizopita, hewa inayoingia kwenye silinda ni ya moto. Kompyuta huchelewesha plagi kuwasha ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, na utahisi gari limekuwa zito. Wengine hapo hapo hukimbilia kwa fundi. Halijaharibika! Lipe mwendo wa kawaida kidogo, upepo upite, nguvu zitarudi. Cha kuangalia ni kulanti, maji ya kupozea, ya ule mzunguko wa supachaja; watu hupima ya injini na kuisahau hii, na ndiyo inayopoza hewa iliyoshindiliwa.

Halafu kuna tairi. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 881 inapitia magurudumu mawili ya nyuma, na gari lina uzito wa takribani tani mbili, zaidi ya nusu yake ukiwa mbele. Barabara ikiwa imelowa, mahali pa kuogopa ni pale unapokata kona kuingia barabara kuu na gurudumu la nyuma likapita juu ya mstari mweupe wa rangi. Unahisi nyuma inaanza kutembea kabla hujasikia chochote. Tairi za kiangazi nazo hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hapo hata lami kavu haishiki vizuri. Anayeishi penye baridi anunue seti ya pili ya tairi, bila mjadala. Hellcat huja na funguo mbili: mwekundu unatoa nguvu zote, mweusi unazifunga kwenye nguvu farasi 500. Siku za mvua mimi hutoka na mweusi, na natamani kila kiwanda kinachouza magari ya aina hii kiige jambo hilo.

Mafuta? Toleo la otomatiki lilipimwa Marekani kwa maili 13 kwa galoni mjini, yaani karibu lita 18 kwa kilomita 100, na kama lita 11 barabara kuu. Tena linataka petroli ya oktani ya juu. Kama hilo linakuumiza, usinunue. Milango ni mirefu, kwenye maegesho ya kubanana utahangaika, na nyuma huoni vizuri. Unazoea.

Kwa anayetafuta lililotumika, iwe Hellcat, Camaro ZL1 au Mustang Shelby GT500, fungua boneti utazame puli ya supachaja, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, kabla ya kutazama rangi. Puli ndogo kuliko ya kiwandani huizungusha supachaja kwa kasi zaidi na kuongeza shinikizo, na pamoja nalo joto lile lile nililolisema. Ukiikuta imebadilishwa na muuzaji hana karatasi zinazoonyesha ni nani aliyepanga kompyuta upya, tafuta gari lingine.