Mwanariadha unayemtafuta kwenye simu analinda mabegi

*Shangazi, mume wangu alipoteza kazi, ikabidi watoto wahamie shule nyingine. Kijana wetu wa miaka 15 alama zimeporomoka, hataki kuongea na mtu. Ili kumtia moyo, kila jioni nawaonyesha video za wanariadha wenye ulemavu na kuwaambia: kama hata asiye na mikono anaweza, ninyi mna kisingizio gani? Kijana hunyanyuka akaenda zake chumbani. Juzi baba yao aliizima simu mbele yao akaniambia niache. Nimeaibika sana. Binti yetu mdogo wa miaka 11, anayetumia kiti cha magurudumu, hana shida. Kipindi cha michezo hulinda mabegi ya wenzake na wala halalamiki. Nimfanyeje mwanamume anayewavunja moyo watoto wake? – Mama Aliyechoka*

Pole, mwanangu. Kazi ikipotea nyumba nzima huyumba, na mama hushika chochote kilicho karibu. Pole yangu inaishia hapo. Mumeo amefanya sawa kuizima hiyo simu, na angeizima mapema zaidi.

Barua yako nimeirudia. Binti yako umempa sentensi mbili tu, tena za kupita njia: "hana shida." Mtoto wa miaka 11 anakaa pembeni na rundo la mabegi wenzake wakicheza, kisha jioni anamsikia mama yake akisema "kama *hata* yule anaweza." Hilo "hata" limemwambia kwamba mwili kama wake ndio wa mwisho kutegemewa. Umewahi kumtazama usoni unapolitamka? Baba yake nadhani amemtazama. Na hilo swali la kisingizio, katika nyumba ambayo baba hana kazi, unafikiri lilimfikia kijana peke yake?

Ndoa nyingi siku hizi zinaumia hapa. Mume akinyamaza, hajali. Akitamka neno moja, anavunja watu moyo. Mwenzako hakukupiga wala kukutukana. Alizima simu. Ungemuuliza kwa nini kabla ya kuniandikia mimi.

Hao wanariadha nao umewasoma nusu. Ibrahim Hamadtou wa Misri, anayecheza mpira wa meza akiwa ameuma raketi, alipoteza mikono katika ajali ya treni akiwa na miaka 10. Kwanza alijaribu kubana raketi kwapani, ikashindikana, ndipo akahamia mdomoni. Alipata muda wa kushindwa bila kuulizwa ana kisingizio gani. Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, alishinda mita 5,000 kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na kiongozi wa kukimbia naye. Kiongozi alipoishiwa nguvu, Wanyoike ndiye aliyemvuta hadi mwisho. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Kijana wako umempa picha ya mshindi, kiongozi hujampa.

Mtoto akihamishwa, mara nyingi shule mbili hazifuati mpangilio mmoja wa mada, kwa hiyo zipo mada alizozikosa. Chukua daftari zake za shule ya zamani, zilinganishe na za wenzake wa sasa, tieni alama mada zisizo kwenye daftari zake. Anzeni na somo moja, dakika 20 kwa siku, baba akiwa amekaa pembeni yake. Baba ana muda sasa, na huenda naye anahitaji kuhitajika.

Sasa turudi kwa binti. Tatyana McFadden alizaliwa Urusi na mgongo wazi, akalelewa kituo cha watoto yatima bila kiti, akitembea kwa mikono hadi alipochukuliwa na mama wa Marekani akiwa na miaka 6. Sekondari walimfanya akimbie peke yake uwanjani, mbali na mbio za wenzake. Mwaka 2005 familia ilikwenda mahakamani. Hawakudai fedha, walidai akimbie pamoja na wengine, na wakashinda. Ushindi wake una mama aliyekwenda kugonga mlango wa shule. Wewe mlango huo umeugonga lini?

Nendeni wote wawili kwa mwalimu wa michezo, mkiwa na pendekezo mkononi. Voliboli ya kukaa inachezwa na darasa zima: kila mtu anakaa sakafuni, na makalio yasinyanyuke wakati wa kugusa mpira. Uwanja ni mita 10 kwa 6, ukingo wa juu wa wavu wa wanawake uko sentimita 105 kutoka chini. Kamba iliyofungwa kwenye viti viwili inatosha kuanzia. Avae suruali ndefu, sakafu iwe laini. Baada ya mchezo mkague ngozi ya makalio na vifundo, hasa kama hasikii vizuri maumivu sehemu hizo. Palipobadilika rangi au penye joto na hapatulii ndani ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda, apumzishe hapo.

Akitaka kusukuma kiti kwa mbio, aanze dakika 10, mara 3 kwa wiki, siku ya kupumzika katikati, maana mabega ndiyo yanayomtembeza. Ashike ringi, yaani duara la kusukumia lililo pembeni ya gurudumu, nyuma kidogo ya nyonga, asukume kwa mkono mrefu hadi mbele, kisha aachie mkono udondoke kabla ya kuurudisha. Visukumo vifupi vya pupa ndivyo vinavyochosha bega. Tairi ziwe ngumu: tairi laini hunyonya nguvu, na breki inayobana tairi haishiki vizuri.

Lakini haya yote muulize yeye kwanza. Inawezekana voliboli haitaki kabisa. Mwende naye kwa mwalimu, aseme kwa mdomo wake anataka mchezo gani, ninyi wazazi mkae kimya hadi amalize. Mabegi yafungiwe darasani.