Saa ya kazi: mimi ilinikosesha ajira, wewe isikukoseshe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa chuo cha kilimo aliniandikia: "Shikamoo kaka. Mwezi ujao naanza mafunzo kwa vitendo vijijini. Nimejibana nimepata laki moja. Nataka saa moja tu, ngumu, ya kuvaa kila siku, na isiniaibishe ofisini. Ninunue ipi?"

Nilitaka kumjibu mistari miwili. Nikajikuta nimeandika hadi usiku, kwa sababu swali lake liligusa kidonda ambacho sijawahi kukisimulia hapa.

Machi 2016 niliitwa kwenye usaili Dodoma. Nilikuwa nimemaliza diploma, nina miaka miwili ya kulima mpunga wa mama bila mshahara, na barua ile niliisoma mpaka nikaikariri. Saa mbili kamili asubuhi. Kabla ya safari nilipita Kariakoo nikajinunulia saa, maana nilitaka nionekane mtu anayejali muda. Elfu 25. Bodi kubwa nyeusi, mkanda wa kijani kama wa mwanajeshi, na juu ya uso wake visaa vidogo vitatu. Nyuma imeandikwa kwamba inahimili maji mita 50. Muuzaji akanigongea kwenye meza mara mbili kunionyesha ugumu wake, nami nikaamini.

Nilishuka stendi jioni, mvua inanyesha. Nilitembea labda robo saa mpaka nyumba ya wageni. Usiku umeme ukakatika, simu ikazima nikiwa sijaichaji. Nikajiambia hakuna shida, saa ninayo. Nilishtuka kukiwa na giza la mawingu na pazia zito, nikaitazama kwa kuisogeza karibu na jicho: saa kumi na moja kasoro dakika nane. Nikalala tena. Nilipoamshwa na sauti ya mhudumu anafagia ukumbini, niliangalia tena. Saa kumi na moja kasoro dakika nane.

Hapo ndipo nilipoona ule ukungu. Ndani ya kioo kulikuwa na matone madogo yamejipanga ukingoni, na mshale wa sekunde unatetemeka mahali pamoja bila kusogea. Nilifika getini saa tatu kasoro robo, viatu vimejaa tope. Mlinzi aliniangalia kwa huruma, akasema majina yameshafungwa. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Baadaye nilipoifungua saa ile nyumbani ndipo nikajua nilichouziwa. Visaa vidogo vitatu vilikuwa vimechorwa tu. Mishale yake imegandishwa kwa gundi. Kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia muda hakikuwa na mpira wowote. Maji yalikuwa na mlango wazi.

Basi mdogo wangu, nianze na hapo: usinunue saa ya kazi kwa sura. Saa hizi zina historia, na historia yake inakuonyesha cha kutafuta. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia askari waliacha kubeba saa mfukoni wakaanza kuzifunga mkononi, kwa sababu mtu mwenye bunduki hana mkono wa ziada. Kwenye vita vya pili jeshi la Marekani liliagiza saa ya mkononi iliyoitwa A-11 kutoka kampuni za Elgin, Waltham na Bulova, na Waingereza wakaagiza zao kutoka kampuni 12 za Uswisi. Ukiziangalia picha zake nyingi zinafanana: uso mweusi, namba nyeupe zinazosomeka, mishale inayoonekana gizani, bodi ndogo isiyojaa mkono, mkanda wa kitambaa. Hazina kisaa kidogo hata kimoja cha pambo. Ukitaka saa ya kazi leo, bado unatafuta hicho hicho.

(Na ukikutana na saa ya zamani kweli ya jeshi, usiifungue. Rangi iliyokuwa ikiwaka kwenye mishale ya zama zile ilikuwa na radiamu, na baadhi ya wasichana waliozipaka viwandani Marekani walipata saratani na kufa kwa sababu yake. Nyingi za leo zinatumia rangi isiyo na sumu hiyo, inayokunywa mwanga na kuutoa usiku.)

Ajira nilikuja kupata mwaka uliofuata, bonde la Kilombero, afisa ugani mwenye pikipiki na vijiji vinne. Mwenzangu mmoja aliyehamishwa aliniuzia Seiko 5 yake, ile SNK809, kwa laki moja na nusu nilizolipa kwa awamu mbili. Naipenda saa ile mpaka leo. Ina upana wa milimita 37 tu, haitumii betri, inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na ukiigeuza unaona moyo wake unapiga kupitia kioo cha nyuma. Sikujua wakati huo kwamba haikutengenezwa kwa maisha yangu.

Kwanza maji. Imeandikiwa 3 bar, yaani kama mita 30. Watu wengi wanasoma hapo wakidhani wanaweza kuzama nayo mita 30. Hapana. Hicho ni kipimo cha shinikizo la maabara, maji yametulia na saa ni mpya. Kwa maisha ya kawaida 30 maana yake ni manyunyu na kunawa mikono. 50 unaweza kuloa bila wasiwasi mkubwa. Kuogelea na kusimama kwenye majaruba ya mpunga mpaka magotini, unainama unang'oa miche, hapo tafuta 100. Mimi nilikuwa naivua Seiko na kuitia mfukoni kila nilipofika shambani, sasa saa ya mfukoni ina faida gani kwa mtu wa kazi?

Pili muda wenyewe. Kipima mvua tunakisoma saa tatu kamili asubuhi, kila siku. Kuna wiki nilianza kufika mapema kuliko kila mtu, nikawa nawalaumu wakulima viongozi kwa kuchelewa. Niliwasema vibaya kwenye kikao, jambo linaloniuma hadi sasa, maana kosa lilikuwa mkononi mwangu: saa ilikuwa inakimbia karibu dakika nane kwa siku. Fundi mmoja wa Ifakara, mzee mwenye meza yake chini ya mwavuli, hakuifungua hata. Alichukua dira ndogo akaisogeza karibu na saa, sindano ikageuka. Akaniuliza, "Usiku unaiweka wapi?" Nilikuwa naiweka juu ya spika ya sabufa. Sumaku ya spika ilikuwa imeshika ile springi nyembamba kama unywele inayopumua ndani. Aliipitisha kwenye kifaa chake cha kuondoa sumaku, sekunde chache, elfu tano, ikapona.

Hata ikiwa nzima, saa ya namna hiyo Seiko wenyewe wanaikubalia kupungua sekunde 20 au kuzidi sekunde 40 kwa siku. Saa ya betri ya kawaida ya Casio inakosea hadi sekunde 20 au 30 kwa mwezi. Kwa mwezi! Niliposoma hivyo nilikaa kimya. Nilikuwa nimejivunia saa ya gharama kumbe ya bei nafuu inaishinda kwenye kazi ile ile saa iliyoumbiwa.

Ndiyo maana mwaka 2019 nilinunua Casio MRW-200H kwa elfu 75, na hiyo ndiyo iliyo mkononi mwangu ninapoandika haya. Bodi ya plastiki, nyepesi kiasi cha kusahau umeivaa. Mita 100. Namba nyeupe kubwa juu ya weusi, siku na tarehe. Ina pete ya nje inayozunguka: ninapomwonyesha mkulima kupima mwendo wake na pampu ya dawa, naweka alama ya pete kwenye mshale wa dakika, basi, hakuna kuhesabu kichwani. Imeshaanguka na mimi kwenye tope la Mngeta pamoja na pikipiki. Nilitoka na jeraha la kiwiko. Saa niliisuuza kwenye mfereji.

Sikufichi upungufu wake. Kioo ni cha plastiki, kinachubuka upesi, ingawa dawa ya meno na kitambaa laini vinakirudisha. Mwanga wa mishale ni hafifu, ikifika saa nane usiku huoni kitu. Na ni nene, inakwama kwenye pindo la mkono wa shati, kwa hiyo siku za ofisini na kanisani navaa Seiko. Lakini kama ni moja tu, kwa laki moja, ya mvua na vumbi na pikipiki, mdogo wangu chukua hiyo, na chenji inabaki ya vocha. Ukija kuwa na fedha zaidi, saa za Citizen zinazojichaji kwa mwanga wa jua ndizo ningekutuma, maana hazikulazimishi kumpa fundi afungue mfuniko kila betri inapokwisha.

Na hapo kwenye betri ndipo wengi wanapoua saa nzima. Nilipobadilisha yangu nilikaa mbele ya fundi sikuondoka. Chini ya mfuniko kuna mpira mwembamba kama uzi wa tambi, ndio unaozuia maji. Fundi mwenye haraka anaufunga ukiwa umejikunja, au anausahau mezani. Nilimwomba aupake grisi ya silikoni na auweke taratibu kwenye mfereji wake kabla ya kufunga. Alikasirika kidogo. Mwache akasirike. Kijana unayetaka kufika mbali usione aibu kusimamia kitu chako, kwa sababu siku kitakapokuangusha utasimama getini peke yako.

Kuipima nako hakuhitaji maabara. Saa yoyote inayodai mita 50 au 100 naiweka kwanza kwenye bakuli la maji nusu saa nikiwa bado nyumbani, siku ambayo sina safari. Kisha naipasha kidogo, iwe vuguvugu kama chai ya mtoto, naweka tone la maji ya baridi juu ya kioo, nasubiri dakika moja, nafuta. Ukungu ukionekana upande wa ndani, kuna unyevu umeshaingia, irudishe dukani siku hiyo hiyo ukiwa na risiti. Kwa hiyo dai risiti. Usiku zima taa uone kama mishale inasomeka. Lala nayo. Vuta mkanda kwa nguvu uone kama pini zinashika. Usisubiri siku ya usaili ndiyo uijue saa yako.

Aliniuliza pia kama achague yenye namba 13 hadi 24 ndani ya uso. Zinasaidia kwenye ratiba za mabasi na fomu za ofisi. Ila kwa kusoma saa ya Kiswahili, mimi mwalimu wangu alinifundisha nitazame ng'ambo ya mshale mfupi: ukielekea saba, mkabala wake ni moja, na ndiyo saa moja asubuhi. Uso usio na marembo ndio unaokuruhusu kuona ng'ambo kwa haraka.

Jana jioni kijana kanitumia picha. Kanunua, elfu 80, risiti ipo pembeni. Saa imelala ndani ya kikombe cha plastiki kilichojaa maji, na akaniongezea video ya sekunde kumi ili niuone mshale unavyotembea.